Dada Chupa, Mtengenezaji wa Chembe Zenye Pande Mbili

Tunasoma haya tukiwa bado hatuamini. Jumatatu alikuwa nasi, akibishana na mumewe kuhusu rangi ya mlango. Leo ndiye tunayemzika.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa mama fundi cherehani na marehemu baba, mpiga chapa. Jina la Dada Chupa alilipata utotoni, kwa kuficha chupa tupu uvunguni na kuchanganyia humo kila alichokipata jikoni.

Alihitimu kemia chuo kikuu mwaka 2003, akapata uzamivu mwaka 2010.

Maabarani alitengeneza chembe za plastiki zisizoonekana kwa macho, zenye uwazi ndani na pande mbili: mmoja hupenda maji, wa pili mafuta. Alitawanya matone ya mafuta ya kuundia plastiki ndani ya maji, akayagandisha yawe plastiki, akitumaini siku moja yatabeba dawa. Mama alipouliza hasa anafanya nini, alitikisa maji na mafuta kwenye chupa ya jamu.

"Hawa hawapatani, Mama. Namtengeneza msuluhishi."

"Akipatikana, mpeleke kwa shangazi zako."

Kwa miaka chembe zilibonyea zikikauka. Mwezi uliopita alimpigia mumewe simu akipiga kelele: "Zimesimama! Tumbo tupu, na hazijabonyea!"

"Mwenye tumbo tupu ni mimi," mumewe akasema. "Njoo tule."

Mume huyo, fundi seremala, kabla hawajaoana alikwenda maabarani kutengeneza rafu, akairudia rafu hiyohiyo mara nne kabla ya kusema lililomleta. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 2008.

Hakuwa mgonjwa. Jumanne asubuhi alikuwa akiosha vyombo vya kioo pamoja na fundi wa hadubini, wakicheka. Ghafla akasema, "Hebu nishikie hii, kichwa kinaniuma." Mwenzake aliwahi kushika chupa, lakini hakuwahi kumdaka dada yetu. Hospitalini daktari alisema mshipa wa damu umepasuka kichwani. Mama akamwambia, "Wa kwangu ni yule mwenye miwani, daktari. Umeangalia vizuri?"

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, na sisi wadogo zake wawili. Jana binti mdogo aliuliza kama mama yake naye atakuja mazishini.

Mungu ampokee dada yetu, ampe pumziko jema.