Mita Moja ya Shamsia

Mimi ndiye Mwaija mwenye birika la kahawa. Benchi ni langu, makaa ni yangu, na maneno yote yanayomwagika hapa Manundu, nyuma ya stendi ya bodaboda, nayasikia mimi kwanza, hata yale ya ovyo. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeteremka kutoka milimani mpaka mjini Korogwe, umetulia juu ya mabati, na watu walikuwa wanaongea polepole kama ndio kwanza wameamshwa. Hatua nne kutoka benchini kulikuwa na kamba nyeupe imezungushwa kwenye vijiti vinne, mita moja kwa mita moja. Hicho ndicho kipande cha Shamsia, mtoto wa dada yangu wa Hale, anasoma na kulala chuo cha ualimu hapa mjini. Mkufunzi wake wa baiolojia amewapa kazi ya vitendo: kila mwanafunzi achague mita moja ya ardhi, asiiguse, ahesabu kila chenye uhai ndani yake, mmea na mdudu, siku kumi na nne, achore na kuandika. Siku ya mwisho mkufunzi anakuja mwenyewe kulinganisha daftari na ardhi. Shamsia anarudia mwaka. Akianguka tena somo hili, chuo kinamrudisha nyumbani, basi. Ndiyo maana kipande alikileta hapa, akawaomba watu wangu wa benchi wamlindie mbuzi wasiingie. Wakaapa. Sasa imefika siku ya kumi na nne, na ndani ya kamba hakuna hata jani. Udongo mtupu, umelainishwa.

Nikaweka birika chini.

— Nani? nikauliza.

Hakuna aliyenitazama. Walikuwa watatu. Mzee Isihaka, mkulima wa Magoma, tunamwita Masika kwa sababu hana habari nyingine zaidi ya mvua. Semboja wa Kwashemshi, tumempa jina Ukungu, akisimulia jambo huna hakika ameliona au ameliota. Na Dennis wa bodaboda, anaitwa Bando, maana bando lake la intaneti halifiki saa nne asubuhi.

— Yamehama, akasema Bando.

— Nini kimehama?

— Majani, mama. Hebu fikiria. Mtu anakuja kila siku saa moja asubuhi, anakuhesabu. Moja, mbili, tatu. Anakuchora mguu, anakuchora unywele. Mimi ningevumilia siku tatu tu. Yamekaa kikao, yakasema oya, twenzetu.

— Yakaenda wapi?

— Ng'ambo ya mto Pangani. Kule hayana mtu wa kuyahesabu.

— Bando, mimi sitaniani na wewe.

— Hayajahama, akaingilia Semboja, macho yake kwenye ukungu. Yamelala. Kwetu juu kukiwa na baridi, majani yanavuta shingo ndani ya udongo, yanajifunika. Jua likitoka yanachungulia.

— Tangu lini?

— Tangu zamani. Ni vile tu nyie wa huku chini mnachelewa kuamka.

Akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Tena juzi nimeota nimo ndani ya kile kipande. Nimekuwa mdogo, sisimizi ananipita kimo. Ndago zimesimama juu yangu, ndefu, hata mbingu siioni. Akapita sisimizi mmoja mzee na mzigo wake. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia, marahaba, kwenu wapi? Nikamwambia benchini. Akasema, aah, kumbe nyie ndio mnaotumwagia machicha ya kahawa.

— Alikasirika? Bando akauliza, kwa dhati kabisa.

— Hakukasirika. Alisema watoto wake siku hizi hawalali.

Nusura nicheke. Nikamkumbuka Shamsia, kicheko kikakatika. Usiku wa siku ya sita mvua ilinyesha, yule mtoto akatoka chuoni kwa miguu mitupu kuja kuangalia kama kamba imekatika. Mimi nilimwona kutoka dirishani kwangu. Halafu hawa wananiletea habari za sisimizi mwenye shikamoo!

— Mzee Isihaka, nikasema, wewe mbona husemi?

— Mchwa, akasema mzee.

— Mchwa gani hao wanang'oa na mizizi?

— Wa siku hizi.

— Wakasawazisha na udongo?

Mzee akanywa kahawa ambayo haikuwemo kikombeni.

— Mimi nadhani, akasema Bando, si wanasema dunia inazunguka? Basi kile kipande kimezunguka peke yake. Kimepinduka, pwaa! Majani sasa hivi yako upande wa chini, yanachungulia nchi nyingine.

— Na huko kuna benchi, akasema Semboja taratibu.

— Lazima liwepo.

— Na watu wa huko asubuhi hii wameamka, wamekuta majani yametokea ghafla kwenye uwanja wao. Wanaulizana.

— Wana kahawa?

— Wanayo. Ila yao tamu.

Nakiri, kwa muda kidogo wote tuliwafikiria watu wale. Ukungu ulikuwa mzito, bodaboda zilikuwa zinanguruma mbali, na mimi mwenyewe nilishaanza kumwona mwanamke wa huko, mwenye birika kama mimi, ameshika kiuno. Hapo ndipo macho yangu yakaenda kwenye jembe langu. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeoshwa, linang'aa. Jembe langu mimi huwa silioshi kiasi kile.

— Mzee Isihaka. Jana saa kumi, nikifunga kazi, ulikuja kuazima jembe langu.

Mzee akageuza kikombe chake.

— Ukasema una kazi ndogo.

— Ilikuwa ndogo kweli, akasema mzee.

— Yaa Rabi! Mzee wangu, umepalilia?

Akavua kofia, akaiweka gotini.

— Mwaija, mkufunzi ni mgeni. Anatoka chuoni anakuja kuangalia shamba la mtoto wetu. Akute limejaa magugu? Angesema huyu binti hana wazee? Mimi tangu nizaliwe sijapokea mgeni majani yakiwa uwanjani. Nikasema nimsafishie, apate maksi za juu.

— Peke yako?

Semboja akakohoa.

— Mimi nilifagia tu.

— Bando?

— Nilimwagia maji kidogo, mama. Vumbi lisimpige madamu machoni.

Nilitaka kulia, nilitaka kuwapiga na upawa, nilitaka kuwakumbatia. Wanaume wazima watatu wameharibu mwaka wa mtoto kwa mapenzi, halafu wameshindwa kusema, wakaanza kuota mchana. Sijawahi kuwapenda na kuwachukia watu kwa wakati mmoja namna ile.

Shamsia akatokea kwenye ukungu, daftari kifuani, nyuma yake mama mmoja mfupi mwenye mwavuli. Ndiye Madamu Yasinta, mkufunzi.

— Shikamooni, akasema Shamsia. Kisha akaona. Akapiga magoti kando ya kamba, akagusa udongo kwa kiganja. Akaniita, mamdogo!

Mzee Isihaka akasimama.

— Madamu, mtoto hana kosa. Jembe nimeshika mimi. Mimi na hawa. Tulidhani ni shamba.

Madamu akatazama udongo, akatazama lile jembe safi. Nilimsubiri afoke. Hakufoka. Akafunga mwavuli, akaketi kwenye benchi langu, akanyoosha mkono apewe daftari.

— Mlikuwa mnakaa hapa kila siku?

— Kila siku, madamu.

— Haya. Siku ya tisa, kulikuwa na nini?

Bando akajikuna kichwa.

— Ya tisa ndiyo ile ya jongoo. Aliingia kwa upande wa barabara, akaizunguka mbigili mara mbili, akatokea kule kwenye kona. Hakula kitu. Nadhani alikuwa amepotea.

Madamu akafunua kurasa. Akaweka alama.

— Mbigili ngapi?

— Moja, akasema Semboja. Ua la njano. Kila asubuhi nyuki mmoja, yuleyule, ana bawa lililochanika. Bila ile mbigili sijui anakula wapi. Na kifauongo kimoja, ukikigusa kinajifanya kimekufa. Siku ya kumi na moja kilizoea, nikakigusa kikachelewa kujikunja.

— Hili halimo kwenye daftari.

— Shamsia alikuwa darasani. Mimi nilikuwepo.

— Na mchunga, mashina matatu, nikasikia sauti yangu mwenyewe. Moja lilikuwa na konokono chini ya jani. Nilikuwa nautamani kwa mboga ile siku ya kumi, nikajizuia.

— Na ndago, madamu, akasema Mzee Isihaka, sauti imeshuka. Kumi na tisa. Zile nazijua, nimepigana nazo maisha yangu yote. Lakini pale sisimizi walikuwa wamejenga katikati ya mizizi. Jana nilipokita jembe walitoka na mayai mdomoni, hawajui pa kwenda. Nikasimama kidogo. Halafu nikaendelea.

Madamu aliweka alama kurasa nzima, na Shamsia alikuwa ameinuka, anamtazama mzee kana kwamba anamwona leo kwanza.

— Hesabu imekubali, akasema madamu. Daftari limepita. Hiyo ni nusu ya maksi, Shamsia, na kwa nusu peke yake huwezi kufaulu. Nusu ya pili ni ripoti ya mabadiliko. Ardhi yako imebadilika siku moja kabla ya kukaguliwa, lazima uandike nini kimeondolewa na kwa sababu gani. Kaa hapa, andika sasa hivi, shahidi wako huyu hapa.

Shamsia akafungua ukurasa mpya, akachora mstari. Madamu akamgeukia Mzee Isihaka, kwa adabu, bila kejeli.

— Mzee wangu, umesema ulikuwa unatoa magugu.

— Ndiyo, madamu.

— Mtajie mtoto aandike. Gugu lilikuwa lipi?

Mzee Isihaka amelima Magoma miaka arobaini na mitano. Akafungua mdomo. Akamtazama Semboja, Semboja akatazama pale ilipokuwa mbigili. Bando akanitazama mimi, mimi nikainama kuchochea makaa. Ukungu ulikuwa unaanza kuachia mabati. Mzee akaanza, ndago..., akatazama udongo walipokuwa sisimizi, akaketi, na Shamsia akaendelea kusubiri na kalamu yake mkononi.