Etelka Bodor na Kikombe cha Almaszeg

Ifikapo tarehe 31 Oktoba 2023, Bi. Etelka Bodor atastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka ishirini na tisa. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu wa kuchangamsha, wenye mafanikio yaliyo wazi. Nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu, kwa hiyo uchangamfu ninao. Mafanikio nimeyatafuta.

Etelka alikuja kwetu akitokea wodi ya wazazi, ambako alichoka kuona akina mama wa Kiroma, wale ambao watu huwaita kwa dharau Wajipsi, wakilazwa chumba cha mwisho, jirani na stoo ya mifagio. Ofisi ilikuwa changa. Makanisa manne na sinagogi moja yalikuwa yameungana kupinga ubaguzi, na mwaka wa kwanza mzima yakabishania nani afungue kikao kwa sala. Etelka aliukata ubishi huo kwa kuleta keki ya jozi na kutangaza kwamba sala itafuata baada ya kula. Tangu hapo vikao vilianza kwa wakati.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya Transilvania, na alikuwa na mtindo wake. Alianzia kwenye nyumba za Waroma, chini bondeni, akala huko, ndipo akapanda kwa wazee wa kanisa na kuwatajia alichokula. Nyumba nyingi za huku zina kikombe kimoja kilichomeguka ukingo, kinakaa dirishani, cha kumpa maji Mroma anayekuja kupasua kuni. Mara nyingi Etelka alitiliwa kahawa kwenye kikombe hicho. Aliinywa yote, akashukuru, akaomba apewe kikombe kama kumbukumbu, na mwenye nyumba angekataaje? Ndivyo tulivyopata vyombo vya ofisi. Wageni huuliza kwa nini hatununui vizima.

Lakini kilichomla maisha ni kijiji kimoja, Almaszeg, na mtu mmoja, Dezső Rostás.

Sisi Wareformati, Waprotestanti wa huku, kila mtu anaijua zamu yake kwenye Meza ya Bwana: wanaume kwanza, kwa umri, mkubwa kuliko wote akitangulia, kisha wanawake, na wote wanakunywa kikombe kimoja cha fedha. Almaszeg kulikuwa na zamu ya tatu. Wenyeji wakishaketi, mchungaji alikifuta kikombe, ndipo Waroma wakaitwa.

Dezső ni mwashi wa Kiroma, na ndiye aliyeujenga upya mnara wa kanisa hilo ulipopigwa na radi. Siku moja alimwambia Etelka, "Mama, kule juu ya mnara, kwenye jogoo wa bati, nilipanda peke yangu, hakuna aliyeniambia nisubiri zamu. Sitaki makuu. Nataka kusimama kwenye umri wangu, mbele ya Gedeon. Nimemzidi miezi miwili."

Gedeon Nyitrai alikuwa mzee wa kanisa. Yeye na Dezső walikwenda jeshini pamoja wakiwa vijana, wakala sahani moja ya bati.

Etelka alihangaika mwaka mzima, akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena, hadi mchungaji akakubali. Pasaka ya mwaka 2002 Dezső alisimama mahali pake, akanywa. Gedeon, aliyemfuata, alikitazama kikombe, akageuka, akarudi kitini. Aliyemfuata Gedeon naye akageuka. Baada ya hapo hakuna aliyekigusa, mwanamume wala mwanamke, na mchungaji akakirudisha mezani.

Nje, kwenye ngazi, Gedeon alijieleza bila kuulizwa. "Mimi sina ubaya na Dezső. Katika wale wa kule chini, ndiye msafi kuliko wote. Lakini baadaye mke wangu anakunywa hapohapo. Nimwambie nini?"

"Jeshini ulikilamba kijiko changu, Gedeon," Dezső akamwambia.

"Jeshini kulikuwa na njaa."

Hapo Etelka alifanya kosa ambalo mtu wa kanisa tu ndiye angelifanya: alitafuta njia isiyomuudhi mtu yeyote. Alipendekeza vikombe vidogo vya kioo, kila mshirika na chake, kwa ajili ya afya. Baraza la wazee lilikubali kahawa ikiwa bado ya moto. Akarudi ofisini anaimba, tukakata keki. Ilikuwa furaha ya kweli, na sioni haya kuitaja.

Pentekoste ilipofika, wenyeji walikunywa kwenye kikombe cha fedha kama babu zao. Walipokwisha kuketi, sinia la vikombe vidogo likaletwa kwa ajili ya Waroma. Gedeon alimfuata Etelka hadi kwenye gari kumshika mkono. "Mama Etelka, Mungu akubariki. Umetutoa aibuni. Sasa hatuna haja hata ya kukifuta kikombe."

Mwaka ule ofisi yetu iliitangaza Almaszeg kuwa mfano wa kuigwa. Picha ya lile sinia ilichapishwa kwa rangi.

Dezső hakuingia tena kanisani. Etelka hakuacha kumtembelea kila sikukuu, na yeye hakuacha kumkaribisha chai, wala hakumlaumu hata mara moja. "Angenitukana ningepata usingizi," Etelka aliniambia. Miaka ikapita hivyo. Vijana wa Almaszeg, wenyeji kwa Waroma, walienda Ujerumani kuchuma mboga na kulea wazee wa watu, na viti vya kanisa vikabaki na vumbi.

Mwezi Juni mwaka huu Gedeon alifariki. Waliomzidi Dezső umri walikuwa wameshatangulia, na yeye, mwenye miaka themanini na minne, ndiye alikuwa mwanamume mkubwa kuliko wote katika usharika. Mchungaji wa sasa, Kincső Bakó, binti mwenye msimamo, alitangaza kwamba Jumapili ya divai mpya, ile ya mavuno ya zabibu, desturi itafuatwa: mkubwa atangulie, kikombe kiwe kimoja. Wazee waliobaki hawakupinga. Sidhani waliongoka. Walikuwa wamechoka.

Etelka alishuka makazi ya Waroma mbiombio kama msichana, nami nikihema nyuma yake. Dezső alikuwa kwenye benchi mbele ya nyumba, anavunja jozi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Waliokuwa nyuma yangu wako wapi?" akauliza.

"Wamekufa karibu wote, Dezső."

"Sasa nikanywe mbele ya nani?"

Akavunja jozi nyingine, akampa Etelka.

"Nilitaka kusimama nao, Mama," Dezső akasema. "Nafasi walizoacha sikuzitaka."

Jumapili iliyopita kengele ya Almaszeg ililia. Mchungaji Kincső alisubiri mezani, kisha akamwita anayefuata kwa umri. Etelka, ambaye hajawahi kukosa Meza ya Bwana tangu alipopata kipaimara, hakupanda kilimani. Aliketi na Dezső kwenye lile benchi, akajaza jozi kwenye aproni, na wawili hao wakazivunja hadi watu walipotoka kanisani.

Etelka, kwa niaba ya makanisa manne na sinagogi moja, tunakushukuru. Ulichotaka kilikuwa kidogo, na hatukuweza kukupa kwa wakati. Nenda kapumzike. Tunakuombea afya, kuni kavu za kutosha majira haya ya baridi, na watu wa rika lako wa kukaa nao wangali hai.