Sahani za Wageni

Mheshimiwa Konsuli, Padre Anselmo, Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu cha Wafilipino hapa Darwin, Australia, nanyi wahitimu wa mafunzo ya kurudi nyumbani, wauguzi na wahandisi mliokwisha kuaga makazini: habari za mchana.

Mimi ni Herminia Dumalag. Nimeuguza watu wa mji huu miaka thelathini na mmoja, na mwaka jana nikastaafu, nikarudi kwetu Iloilo. Mafunzo haya niliyapitia: bima, fomu, dawa za presha, paa la nyumba, vyote nilivikamilisha. Lakini ufunguo wa nyumba niliyopanga hapa sikuurudisha. Niliuficha ndani ya soksi. Kwa nini? Niliogopa kwetu kungenishinda, nikataka niwe na pa kurudi.

Na kwetu nilipokewaje? Kama askofu! Mdogo wangu Leonila alitoa kabatini zile sahani za maua nilizomtumia mwenyewe kwenye maboksi ya Krismasi, ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa. Kamba wa kukaanga kila siku. Nikishika ufagio, "Aa, dada, keti, umechoka." Miezi mitano nimeketi! Wenyewe wako jiko la uani, wanakula wali na samaki wakavu kwa mikono, wanacheka. Mimi niko sebuleni na uma wangu. Nani kati yenu amehangaika ughaibuni miaka yote hii ili akawe mgeni kwao? Nikaanza kuutazama ule ufunguo.

Siku moja mvua ikashuka ghafla, na nguo zote ziko nje. Leonila akapiga kelele: "We Herminia! Umepigiliwa misumari hapo? Anua nguo!"

Nilikimbia, jamani, na magoti yangu haya. Tulipomaliza, tumeloa chapachapa, akanisukumia sahani ya plastiki iliyoungua ukingo, ina wali na samaki wakavu wawili.

"Kula, halafu uoshe vyombo."

"Kumbe ulikuwa umenichoka, ndiyo maana ukanifanya mgeni?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naogopa, dada. Nilidhani ukiona shida zetu utaondoka tena."

Nililia huku natafuna.

Mhandisi Crisanto, unacheka? Wewe umejenga ghorofa kwenu. Umeshauliza kazi yako humo itakuwa ipi? Pigeni simu nyumbani leo, muulize.

Mimi safari hii nilikuja Darwin kwa jambo moja, na asubuhi hii nimelimaliza: ufunguo nimeurudisha. Nimepumua. Na Leonila ameshaniandikia: "Fanya haraka, vyombo sijaosha."

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Asanteni sana.