Bi Orpah Nyanchoka na Mashine Iliyoanguka Kila Jumapili

Tarehe thelathini Juni Bi Orpah Nyanchoka anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika hospitali yetu ya misheni hapa Nyakoe. Aliajiriwa kutunza jenereta. Kompyuta zilipoletwa, msimamizi wa wakati huo aliona zina nyaya, akamkabidhi nazo. Mafunzo yalifuata baadaye.

Aliwahi kuitwa kwa dharura kwenye tawi letu la Nyamira kutengeneza printa iliyokosa karatasi. Aliweka karatasi, akanywa chai, akarudi. Aliyemwita hajawahi kumsamehe.

Lakini kazi inayokumbukwa ni ya kompyuta ya eksirei. Mwaka juzi ilianza kuanguka kila Jumapili asubuhi: inawaka, skrini inageuka bluu, inajizima. Bi Orpah alitueleza kwamba draiva imeharibika, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, na hapa kifaa ni kadi ya kupokea picha. Draiva mbovu huangusha kerneli, yaani kiini cha mfumo wote, na kiini kikianguka hakuna kinachobaki kimesimama. Alibadilisha memori. Akabadilisha kadi. Akarudisha draiva ya zamani, mashine ikachapa kazi wiki nzima, na Jumapili ikaanguka tena. Waliovunjika mikono wakawa wanaelekezwa Kisii mjini.

Msimamizi wetu, Bw. Omosa, hakutaka kusikia habari za draiva. Alitaka mtu. Mtu akapatikana: mpiga picha wa eksirei, aliyeonekana akichomeka flashi yenye nyimbo za kwaya kwenye kompyuta hiyo. Mtu huyo ndiye anayeandika wasifu huu. Niliambiwa kamati ya nidhamu ingekaa Jumatatu, na kwamba nianze kukabidhi funguo. Niliogopa sana. Nina watoto watatu na sina ujuzi mwingine.

Ijumaa iliyotangulia kikao, Bi Orpah, ambaye pia ni shemasi, alizunguka kama kawaida yake kabla ya jua kutua, akizima swichi kuu hadi Jumapili asubuhi, ili Sabato ya Jumamosi itukute tumetulia. Hakuna aliyewahi kumpinga. Katika chumba cha eksirei mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi alipoona maandishi kwenye skrini: draiva inasasishwa, tafadhali usizime kompyuta. Masasisho hayo aliyapanga yeye mwenyewe yawe Ijumaa jioni, wakati hakuna wagonjwa. Kila wiki yalianza upya, na kila wiki shemasi aliyakata katikati.

Alikuwa peke yake chumbani. Angeweza kuyahamishia Jumatano na kunyamaza. Mashine ingepona, nami ningekwenda nyumbani.

Jumatatu, katika ibada ya asubuhi, alisimama baada ya wimbo. Alisema mbele ya wote kwamba kwaya haina hatia, kwamba aliyekuwa akiiangusha mashine ni yeye, na kwamba mimi, Nyasani, nirudishiwe funguo zangu. Akaketi. Bw. Omosa akauliza kama kuna maombi mengine. Hayakuwepo. Kamati haikukaa, nami nilitoka nje nikalia nyuma ya jenereta.

Bi Orpah, asante. Sisi sote tunakutakia maisha marefu na yenye heri huko kwenu Keumbu, ndizi za kutosha, na majirani wasiokuletea simu zao zilizoingia maji. Mimi nitabaki hapa nikipiga picha, kwa sababu ulisimama.

Nyasani, Idara ya Eksirei