Edson Anyosisye Mbonile, Mchagua Mbegu wa Ibaba (1968–2025)

Marehemu Edson Anyosisye Mbonile alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 hapa Ibaba, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Anyosisye Mbonile na Bi Gwalugano, wakulima wa mahindi na maharage.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari mkoani Mbeya, mkoa ambao wakati huo ulijumuisha pia Songwe yetu. Mwaka 1990 alihitimu mafunzo ya cheti cha kilimo.

Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa bwana shamba. Alianzia kata ya Mbangala na baadaye akahamishiwa Vwawa. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchagua mbegu za maharage. Shamba lilipopigwa na ugonjwa wa kutu ya majani, wenye shamba walihuzunikia mashina yaliyokauka. Yeye alipita katikati yake akitafuta machache yaliyobaki mabichi, akayafunga uzi mwekundu, na mbegu zake akazipanda msimu uliofuata. Baada ya misimu kadhaa shamba zima lilikuwa la uzao wa mashina yale, na kutu haikuliweza tena.

Tarehe 4 Septemba 1999 alifunga ndoa na Tabita, binti wa Vwawa. Wakati wa uchumba alimwachia mfuko mdogo wa maharage amtunzie. Aliporudi wiki iliyofuata na rafiki zake wawili, waliandaliwa wali na maharage.

"Tabita, haya umeyatoa wapi?"

"Si yale uliyoniletea?"

"Yale ni mbegu! Misimu mitatu nachagua!"

"Basi ungesema ni mbegu. Mimi niliona mboga. Kula, yasipoe."

Alikula akamaliza, akaomba aongezewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Amoni na Gloria.

Mwaka 2019 alianza kukonda, na tumbo likavimba upande wa kushoto. Vipimo vilivyofanyika Dar es Salaam vilionyesha saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Alianzishiwa kidonge kimoja kila siku baada ya chakula. Alistaafu mapema kwa ugonjwa, akahamia Tunduma, ambako Tabita alikuwa na kibanda cha mchele sokoni na alizoea kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa biashara. Kila siku Tabita alimwekea kidonge kiganjani, akasimama mpaka kimemezwa.

Dawa ilifanya kazi. Uvimbe uliisha na mwili ukarudi. Daktari alisema ugonjwa hauonekani; sisi tukasikia kwamba umekwisha. Jumapili ya tarehe 14 Machi 2021 familia ilitoa sadaka ya shukrani kanisani, na marehemu akasimama kushuhudia kwamba amepona. Hata hivyo hakuacha dawa. Rafiki zake walimtania, "Bwana shamba, umepona, sasa unameza nini?" Aliwajibu, "Nameza shukrani."

Mwaka 2023 ugonjwa ulirudi. Mtu aliyetangazwa kuwa amepona akiugua tena, watu hutafuta mkosaji. Maneno yakaenea kutoka Tunduma hadi huku Ibaba kwamba Tabita alivibadilisha vidonge vya hospitali kwa vidonge vya bei rahisi vya Nakonde. Mdogo wake marehemu, Shangazi Nesta, alisafiri kwenda kuuliza.

"Wifi, usinifiche. Hivi ni vya hospitali au ni vya kule ng'ambo?"

Tabita aliendelea kukunja nguo. Marehemu ndiye aliyejibu.

"Nesta, kaa hapa. Wewe umelima na mimi. Tukipanda mbegu za shina lililobaki, tunavuna nini?"

"Maharage yasiyosikia kutu, kaka."

"Basi na dawa imefanya hivyo hivyo. Imeua seli nyingi za ugonjwa, lakini zilikuwepo chache zilizobadilika, dawa haikuweza kuzishika. Zimebaki hizo, zimezaana. Miaka yote hii kidonge kilikuwa kinanichagulia mbegu mwilini."

"Hayo ni maneno ya darasani."

"Ni ya shambani, Nesta! Uzi mwekundu ulikuwa unafunga wewe."

Shangazi aliondoka bila kuridhika. Haya hayasemwi ili kumwaibisha. Wengi wetu tuliwaza kama yeye, na tuliosoma tulinyamaza.

Vipimo vya Dar es Salaam vilithibitisha maneno ya marehemu: seli za saratani zilikuwa zimebadilika pale pale ambapo dawa hushika. Havikuonyesha mgonjwa aliyenyimwa dawa. Alipewa dawa ya aina ya pili, ikafanya kazi kwa miezi tisa. Kisha zikatokea seli zenye badiliko jingine, ambazo hata dawa hiyo haikuziweza. Dawa ya aina ya tatu haikupatikana.

Mwezi Septemba mwaka huu alimwita Erica, binti wa kaka yake, anayesoma wasifu huu, akamuuliza ataandika nini. Erica alisema kwamba ataandika kama ilivyo desturi: aliugua kwa muda mrefu.

"Usiandike hivyo," alisema. "Ukiacha nafasi, kila mtu ataijaza mwenyewe, na watakachojaza ni jina la mke wangu. Mimi nikishazikwa, nani atamsemea? Andika vipimo vilisema nini. Usome kwa sauti, ukoo wote usikie."

Mwishoni mwa Oktoba alihitaji kuongezewa damu mara kwa mara. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Tabita alikuwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Tabita. Watoto wawili, Amoni na Gloria. Mdogo wake, Nesta. Pamoja na wapwa na wakulima wengi wanaopanda mbegu zake. Kwa agizo lake inasomwa mbele ya jeneza lake, kabla hatujatupa udongo: dawa aliipata yote, kila siku, kutoka mkononi mwa mke wake. Tabita hana kosa.

Mungu ampe Edson pumziko la amani, na amani hiyo imfikie pia mjane anayerudi nyumbani bila yeye.