Mguu wa Kushoto wa Semi

Kijiwe cha pale kona ya kinyozi hakina benchi. Kina kiti cha lori, kile kirefu cha mbele, cha ngozi nyeusi iliyoshonwa na kushonwa tena mpaka nyuzi zimezidi ngozi. Lori lenyewe lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu, na aliyeliendesha maisha yake yote, anayeitwa Semi kwa sababu ya semitrela alilokuwa akivuta, akaomba kiti tu. Akakileta pale, akakipachika juu ya matofali. Tangu hapo watu hukaa kama wako safarini: Semi upande wa kulia, wa dereva, wengine wanafuatana. Upande wake hakai mtu hata akiwa msibani. Na chini ya miguu yake pana vishimo viwili, cha kulia cha mafuta na breki, cha kushoto cha klachi, maana Semi hasimulii safari kwa mdomo peke yake. Mkono unaingiza gia, miguu inakanyaga.

Jioni hiyo alikuja na jambo zito. Binti yake anaoka mikate, mtaa mzima unamwita Mama Mikate, na mikate hiyo imepanda cheo, sasa inaliwa mpaka hospitali na shule za ng'ambo ya reli. Inabebwa na pikipiki, ikifika nusu yake imebonyea. Anataka vani ya kuaminika, isiyomla faida kwa mafuta na mafundi. Yadi ya magari ina mbili, ya bluu ya gia za mkono na nyeupe otomatiki. Leo asubuhi alimkumbusha tena: — Baba, wewe ndiye unayejua magari. Nikifunga duka napita kijiweni, unipe neno moja nimpigie muuzaji.

Hakusema nani ataiendesha. Semi naye hakuuliza, kwa sababu goti lake la kushoto lilikwisha zamani na hakumwambia mtu. Klachi ilimshinda hata kabla lori halijakatwa. Ikiwa ya bluu, ataajiriwa dereva mwingine, apite na mikate ya binti yake huku Semi amekaa juu ya matofali akiangalia vumbi. Hilo lilimchoma sana.

Jana alijipenyeza yadi peke yake, akaijaribu ile nyeupe, isiyo na klachi. Akarudi nyumbani anapiga mluzi. Shida ni kwamba juu ya kiti hiki hiki, miaka nenda miaka rudi, Semi ametangaza kuwa otomatiki ni gari la kuchezea watoto. Sasa ataanzia wapi?

Alingoja Shangazi, mama muuza kahawa, ajaze vikombe. Kisha akaanzia mbali.

— Jamani, mtu akitaka vani ya kazi, isiyosumbua, achukue ya gia au otomatiki?

— Gia, — alisema Injinia. Huyu hutengeneza redio, na kwa kuwa redio ina nyaya na gari lina nyaya, basi yote ni yake. — Otomatiki inafikiri, Semi. Kitu kinachofikiri hakikosi kula. Hata imezimwa inakula.

— Inakula nini imezimwa? — aliuliza Kinyozi, aliyetoka dukani na kitana mkononi.

— Mafuta. Kidogo kidogo, usiku. Pima asubuhi uone.

— Wewe umeshapima?

— Jambo liko wazi hivyo, napima nini?

Mahesabu, mtunza stoo mstaafu, alikohoa kidogo. Akikohoa hivyo ujue kuna somo.

— Mafuta si hoja. Hoja ni spea. Gari la gia likiharibika, unajua ni klachi, unabadilisha, unaondoka. Otomatiki inaharibika yote kwa pamoja, kama ukoo uliogombania shamba.

— Hapo umenena, — alisema Kinyozi.

— Na giaboksi yake ikifa haifi peke yake. Inaondoka na injini.

Semi alimeza kahawa ikiwa bado ya moto. Alikuwa na la kujibu, tena la kutosha, lakini akalitoa kwa njia ya swali.

— Kwani oili ya giaboksi ikibadilishwa kwa wakati? — alijaribu. — Ukivuta kijiti cha kuipimia ukaikuta bado nyekundu, hainuki kuungua?

— Huo wekundu ndio ugonjwa wenyewe, — alisema Injinia. — Inaiva mle ndani.

— Mimi nina mteja, simtaji, — Kinyozi alidakia. — Alinunua otomatiki ya mtumba. Kila akifika njia panda, gari linavuta kushoto. Fundi kaangalia, hakuna kitu. Kumbe mwenyewe wa kwanza alikuwa akikaa huko kushoto.

— Linakumbuka?

— Limekariri. Unadhani linajibadilishiaje gia?

— La mteja wako lina nafuu, — alisema Mahesabu. — Kuna jamaa aliuza lake, akalipwa, wakapeana mikono. Asubuhi anatoka nje, gari liko uani.

— Limerudi lenyewe?

— Na taa limezima.

— Geti nani alilifungua? — aliuliza Shangazi bila kuinua kichwa.

— Habari za geti sikuuliza.

Injinia akaona anazidiwa, akasogea mbele; habari za zile vani mbili za yadi mtaa mzima ulikwisha zisikia.

— Kwa mikate ndiyo usithubutu kabisa. Joto la mkate linapanda mpaka kwenye kompyuta yake, gari linadhani injini imechemka, linagoma. Watoto watapelekewa mkate wa chai saa ya kwenda kulala. Halafu Semi, kuna wewe. Mtu aliyeteremsha semitrela mlimani na shehena ya saruji, breki zimekufa, kwa gia tupu. Leo isikike familia yako ina otomatiki? Sisi tutaficha wapi nyuso?

Wote wakaitikia. Na hawakuwa wanatania. Ile habari ya mlima wamemsimulia kila mgeni aliyewahi kukaa pale, na kila mmoja huisimulia kama alikuwemo. Walimwonea fahari rafiki yao, fahari ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomziba mdomo kuliko hadithi zote za magari yenye akili.

Mama Mikate akatokea upande wa pili wa barabara, unga mpaka viwikoni, funguo za duka mkononi.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mama.

— Haya baba, neno langu.

— Ya bluu, mwanangu, — Injinia aliwahi. — Tumekuchambulia bure. Otomatiki achana nayo.

Wakamweleza yote. Kwamba inakula usiku, inakariri njia, inarudi kwa mwenyewe. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, hakucheka. Kisha akauliza taratibu, kama anavyomuuliza mteja anataka mkate mkubwa au mdogo:

— Kati yenu, wazee wangu, nani ameshawahi kuendesha otomatiki?

Injinia akaangalia ndani ya kikombe. Mahesabu akakohoa, ila safari hii somo halikufuata. Kinyozi akakumbuka kwamba ndani ameacha mteja amenyolewa upande mmoja, lakini hakuondoka. Shangazi aliinamisha birika, likatoa matone, likaisha.

— Mimi, — alisema Semi.

— Lini? — Injinia aliuliza kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa.

— Jana. Ile nyeupe. Niliiwasha ikiwa baridi kabisa, nikaingiza gia, haikushtuka. Nikairudisha nyuma kwenye kile kilima cha yadi, ikapanda bila kunung'unika. Oili yake safi. Injini ndogo, ile ile ya teksi zetu, spea zake zimejaa kila duka la hapa, na madereva wa teksi si watu wa kupoteza mafuta. — Akavuta pumzi. — Lakini mwanzo nilijitia aibu. Nilipotaka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto uliruka kutafuta klachi. Ukaikuta breki. Nikakanyaga kama niko kwenye lori, na muuzaji alibusu kioo cha mbele.

Kinyozi alianza kucheka, wengine wakamfuata, hata Injinia.

— Nikaukunja chini ya kiti, nikauambia tulia. Ukatulia. Nikazunguka mtaa mzima bila kuumia. — Kicheko kilipoisha bado alikuwa anaangalia chini. — Goti limekwisha, jamani. Siku nyingi. Niliona haya kuwaambia.

Mama Mikate akachuchumaa, akagusa udongo mbele ya kiti.

— Cha kulia kimechimbika vizuri, — alisema. — Cha kushoto kimeota nyasi, baba. Niliona tangu mvua zilizopita. Wewe ulidhani nilianza kuulizia otomatiki kwa ajili ya nani?

— Mbona hukuniambia?

— Nilitaka dereva wangu aombe kazi mwenyewe.

Semi alimtazama yule mtoto aliyekuwa akilala katikati ya kiti hiki hiki, safari za likizo, kichwa kwenye paja lake. Leo ana mikate inayongojwa na hospitali nzima, na amemtunzia babake heshima yake bila kuigusa. Moyo wake ulijaa mpaka akakosa pa kuuweka.

— Basi naomba, — alisema.

— Umepata. Mikate yangu inatoka kabla ya jua. Usichelewe, maana kazini sina undugu.

Akatoa simu, akampigia muuzaji pale pale. — Nyeupe, — alisema, akakata.

— Kwa hiyo Semi, — aliuliza Injinia kwa upole, — umestaafu gia?

Semi alishika goti mbele ya watu wote, akajiinua polepole, akanyoosha mgongo.

— Aliyestaafu ni mguu wa kushoto, — alisema. — Mimi niko kazini.

Akapokea funguo za duka mkononi mwa binti yake, wakaondoka pamoja. Alichechemea waziwazi, kichwa juu. Nyuma yao mteja wa Kinyozi alikuwa ametoka nje na kichwa chake nusu, anauliza kuna nini.

— Mambo ya otomatiki, — alisikika Injinia. — Ndiyo gari la mtu mzima. Nimewaambia hawa tangu mchana.

— Nikae wapi?

— Popote, — alisema Mahesabu. — Ila huko kulia hapana. Hapo pana dereva.