Mwalimu Faustino Nandonde, 1956–2024: Aliyejifunza Lugha Akakosa wa Kuzungumza Naye

Mwalimu Faustino Benedicto Nandonde alizaliwa Nyangao, Lindi, tarehe 12 Juni 1956, mtoto wa tatu wa wakulima wa korosho. Nyumbani walizungumza Kimwera. Kiswahili alikikuta shuleni. Alihitimu ualimu mwaka 1978, akapangiwa Kilwa Kivinje, na huko alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2016 na kuhamia Mtanda, mjini Lindi.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Theresia. Miaka minne baadaye padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia kitabu cha Kiesperanto, lugha iliyotungwa ili watu wote duniani waelewane. Kitabu kiliahidi kuwa mtu ataijua kwa miezi sita. Kwa Mzungu labda, maana nusu ya maneno anayo tayari kinywani. Mwalimu hakuwa na hata moja. Alikariri miaka tisa, na kila neno aliliandika daftarini kama alivyolitamka yeye, pamoja na maana yake. Hamu yake ilikuwa azungumze lugha ile na mtu, ana kwa ana, japo siku moja. Rafiki yake Hasani alimtania, "Mwalimu, hiyo lugha yako ina watu wangapi?"

"Hapa Kivinje, mmoja. Njoo tuwe wawili."

Hasani alicheka. Theresia naye alicheka, akasema yeye ana karanga zake za kukaanga.

Karanga hizo alizifunga kwenye karatasi za madaftari ya wanafunzi, kama wauzaji wote. Mwaka 2019 alilichana hata daftari lile la Kiesperanto, akidhani ni la mwanafunzi. Mwalimu hakugomba. "Nitaandika upya, mama Witness," alisema. Hakuandika.

Tarehe 3 Machi 2024 alipatwa na kiharusi. Kiswahili kilimtoka, Kimwera kikamtoka, kikabaki Kiesperanto. Binti yao, Witness, alimwekea karibu na mdomo simu yenye programu ya kutafsiri, isimwelewe: lugha ile mwalimu hakuwahi kuisikia kwa mtu, aliitamka kwa lafudhi ya Kimwera, na sasa ulimi ulikuwa mzito. Siku kumi na moja alimshika Theresia mkono, akimwambia sentensi ileile, polepole, kama anafundisha darasa la kwanza. Theresia aliitikia, "Ndiyo, mwalimu." Mwalimu alifariki asubuhi ya tarehe 14.

Ameacha mjane, Theresia, binti, Witness, na wajukuu wawili. Theresia ameikariri sentensi ile yote, na huisema kama alivyoisema mumewe. Maana yake haijui, na inamuuma.

Mungu ampumzishe mwalimu wetu kwa amani, na huko ampe mtu wa kuzungumza naye.